Usimwachishe Ziwa Ili Ale

Siku ya kupima watoto, kwenye vituo vya afya vya Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, akina mama hujaa mabenchi tangu asubuhi na mapema, kila mmoja na kadi ya mtoto mkononi. Wenyeji huiita siku hiyo CPS, kifupi cha consultation préscolaire, hata yule asiyejua Kifaransa. Mtoto huvuliwa nguo, huvalishwa kisuruali cha mizani inayoning'inia, hupiga kelele, na uzito huandikwa. Kisha tepe ya rangi huzungushwa kwenye mkono wake wa kushoto. Ikiangukia kijani, mama hushusha pumzi. Ikiangukia njano, yaani mzunguko wa mkono haufiki milimita 125, maswali huanza. Mama akieleza kwamba mtoto ana mwaka na miezi minne, bugali hataki, maharagi hataki, uji anaulamba na kuutema, ila ziwa analidai usiku na mchana, nusu ya benchi huwa na jibu kabla muuguzi hajafungua kinywa: "Mama, umukatishe ziwa. Njaa ikimushika, atakula."

Ushauri huo una watetezi wengi, na wengi wao wana nia njema. Hutolewa na mama mkwe aliyelea watoto wanane, na jirani wa ua mmoja, na baba anayemwona mkewe amechoka. Baya zaidi, hutolewa pia na baadhi ya wauguzi ambao mama amewafuata kwa kuwa wamesoma. Wengine huongeza na mbinu: pilipili kwenye chuchu, kidonge kichungu kilichosagwa, au mtoto apelekwe kwa koko yake kijijini mpaka asahau. Hoja yenyewe husimama juu ya mambo matatu. Kwanza, ziwa linamshibisha mtoto, basi hana nafasi ya chakula. Pili, maziwa ya mwaka wa pili ni maji tu. Tatu, kila mtu ameona kwa macho yake kwamba watoto wanaonyonya muda mrefu ndio wanaokonda. Mambo yote matatu yanaonekana kuwa na akili ndani yake. Yakichunguzwa, hakuna hata moja linaloweza kubeba hukumu ya kumkatisha mtoto ziwa.

Tuanze na shibe, kwa sababu hapo hesabu iko wazi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji takriban kalori 900 kwa siku. Akinyonya kwa kiasi cha kawaida, maziwa ya mama humpa zaidi ya theluthi moja ya hizo, na chakula cha sahani hutakiwa kuleta kama 550 zilizobaki. Sasa mtazame mtoto mgumu wa kula. Hizo 550 zinamshinda. Anakula kijiko kimoja, anageuza uso, anasukuma bakuli. Mshauri anamwondolea maziwa, na kwa kufanya hivyo anamtaka mtoto yuleyule, kwa tumbo lilelile na chakula kilekile alichokikataa jana, afikishe 900 kuanzia kesho. Njaa kweli itamshika. Lakini atakula nini cha kuziba pengo hilo?

Tena pengo si la kalori peke yake. Mwaka 2001 mtaalamu wa lishe Kathryn Dewey wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha hesabu ya kile ambacho maziwa ya mama, kiasi kisichofika nusu lita kwa siku, humpa mtoto katika mwaka wa pili: asilimia 43 ya protini anayohitaji, asilimia 75 ya vitamini A, asilimia 60 ya vitamini C na asilimia 94 ya vitamini B12. Linganisha na tonge la bugali wa muhogo, ambao karibu wote ni wanga. Protini na B12 zikiondoka pamoja na ziwa, hazirudi kwa muhogo, hata mtoto akimaliza sahani nzima. Zinarudi kwa yai, samaki, nyama au maziwa ya ng'ombe, kila siku. Nyumba iliyo na vitu hivyo kila siku kwa kawaida haina mtoto anayepimwa njano.

Watetezi wa kuachisha wako sahihi juu ya jambo moja. Tumbo la mtoto ni dogo kweli. Kwa kila kilo ya uzito wake hubeba kama gramu 30 kwa mlo mmoja, hivyo mtoto wa kilo kumi hushiba kwa gramu 300. Ila kinacholijaza tumbo hilo bure, mara nyingi, ni uji mwepesi unaomiminika kama chai, kikombe kikubwa chenye maji mengi na unga kidogo, pamoja na chai ya sukari na biskuti anazopewa na watu wazima wanaomhurumia. Maziwa ya mama yana mafuta, na kwa ujazo uleule yana nguvu kuliko uji wa namna hiyo. Anayetafuta kilichokalia nafasi ya chakula achungulie kwanza kikombe.

Hoja ya pili, kwamba maziwa huisha nguvu na kubaki maji, ilipimwa hapahapa Kivu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Delvoye na wenzake walifuatilia akina mama wanyonyeshaji wa Kivu, wakapima damu zao kutafuta prolaktini, homoni inayouamuru mwili kutengeneza maziwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1977, yalionyesha kwamba mama anayenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku huendelea kuwa na kiwango cha juu cha homoni hiyo hata baada ya mwaka mmoja kupita. Mwili wa mama hausomi kalenda. Mtoto akinyonya mara nyingi, maziwa hutengenezwa. Akinyonya mara chache, hupungua. Kwa hiyo yule anayeambiwa "punguza kunyonyesha, maziwa yako yamekwisha" huelekezwa kwenye jambo lenyewe litakaloyamaliza.

Ubora wake nao umechunguzwa. Huko North Carolina, Marekani, Maryanne Perrin na wenzake walichukua maziwa ya akina mama waliokuwa wakinyonyesha watoto wa kati ya miezi 11 na 17, wakayapima mwezi hadi mwezi. Zinki na kalsiamu zilipungua, jambo ambalo halifai kufichwa. Lakini protini iliongezeka, na pamoja nayo viliongezeka vitu vinavyopigana na vijidudu: kingamwili, laktoferini na lisozimi. Mtoto wa umri huo ndiye anayetambaa uani, anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni, anayekunywa maji ya bomba la jirani ambayo hayakuchemshwa. Maziwa yanaongeza kinga wakati uleule ambapo yeye anakutana na uchafu wa dunia kwa mara ya kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inategemea macho. Ni kweli kwamba katika vijiji na mitaa mingi mtoto wa miaka miwili anayenyonya bado huonekana mdogo kuliko mwenzake aliyeachishwa. Tafiti kadhaa za zamani ziliona jambo hilohilo, na kwa miaka kadhaa hata wanasayansi waligawanyika. Kisha Grace Marquis na wenzake wakaingia viunga vya Lima, Peru, wakafuatilia watoto hatua kwa hatua badala ya kuwatazama siku moja. Mwaka 1997 walitangaza walichokiona: mama akimwona mtoto wake mdogo, mgonjwa-mgonjwa, asiyekula vizuri, huahirisha kumwachisha. Yule mnene mwenye afya ndiye anayeachishwa mapema. Udhaifu ulitangulia, kunyonya kwa muda mrefu kukafuata. Mwaka uliofuata, 1998, Kirsten Simondon na mwenzake walitoa ripoti yenye picha hiyohiyo kutoka Niakhar, mashambani mwa Senegal. Kulaumu ziwa kwa wembamba wa mtoto ni sawa na kulaumu mwavuli kwa kuwa kila ukionekana mvua inanyesha.

Ushahidi wa ukuaji ulio karibu na Butembo kuliko ule wa Peru na Senegal ulitoka magharibi mwa Kenya. Adelheid Onyango na wenzake walifuatilia ukuaji wa watoto katika mwaka wa pili, wakachapisha katika jarida la The Lancet mwaka 1999. Watoto walionyonya kwa muda mrefu zaidi waliongezeka urefu kwa sentimita 3.4 zaidi na uzito kwa gramu 370 zaidi kuliko wale walionyonya kwa muda mfupi zaidi, na faida ilikuwa kubwa hasa katika nyumba zisizo na choo. Upande wa vifo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 chini ya Mari Jeeva Sankar yaliona kwamba watoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili wasionyonya hufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wanaonyonya. Mama wa Butembo aliyeshikilia ziwa kwa sababu mtoto wake ni dhaifu alikuwa anafanya kitu cha akili. Aliyemkemea ndiye aliyekosea.

Basi kwa nini mtoto anakataa chakula?

Sababu ya kwanza si ugonjwa hata kidogo. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hufikisha kama tisa akitimiza mwaka. Uzito wake huwa umezidishwa mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili, au mbili na nusu hivi. Mwendo wa kukua umepungua, na hamu ya kula hupungua pamoja nao. Mama anayekumbuka jinsi mtoto alivyokuwa akifungua kinywa akiwa na miezi minane anadhani kuna kitu kimeharibika. Umri huohuo ndio mtoto huanza kukiogopa chakula kigeni, tabia inayopatikana Butembo kama inavyopatikana Brussels. Kuizoea ladha mpya huchukua kuonjeshwa mara nane, kumi, wakati mwingine zaidi, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Na hapa pia ziwa ni msaidizi. Julie Mennella wa Philadelphia alionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea karoti kwa urahisi zaidi walipoanza kula. Ladha ya chakula cha mama hupita ndani ya maziwa. Mama anayekula sombe, lengalenga na ndakala anamzoesha mwanawe meza ya nyumbani kabla hajaifikia.

Sababu ya pili ni ugonjwa, na hiyo ndiyo inayopaswa kumnyima muuguzi usingizi. Malaria, minyoo, kuhara, vidonda vya mdomo, surua inayoanza, kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa: vyote hivyo hufunga hamu ya kula siku nyingi kabla ya kujitokeza waziwazi. Mtoto mgonjwa hukataa bugali, lakini mara nyingi ziwa halikatai. Kwa siku hizo ziwa huwa ndicho chakula pekee kinachoingia, na pia ndiyo maji yanayomwokoa anapohara. Kumwachisha wakati huo ni kumwondolea kamba akiwa mtoni.

Matabibu wa utapiamlo wanalijua jambo hili vizuri, na utaratibu wao wa kazi unausuta ushauri wa benchi. Mtoto akipimwa nyekundu, chini ya milimita 115, kituo kinachotibu utapiamlo mkali, kile watu wanachokiita UNTA, humfanyia kwanza jaribio la hamu ya kula. Mama hunawa mikono, hukaa pembeni pasipo kelele, humpakata mtoto, huufungua mfuko wa siagi ya karanga iliyoongezwa virutubisho, humpa kidogokidogo kwa kidole bila kumlazimisha, na maji safi yakiwa karibu. Mtoto akila, hurudi nyumbani na mifuko ya wiki nzima. Akikataa, haulizwi kama bado ananyonya. Hupelekwa hospitalini, kwa sababu kukataa huko huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Na kwa yule anayerudi nyumbani, maelekezo ni kwamba anyonyeshwe kwanza, halafu ndipo apewe mfuko. Kama ziwa lingekuwa ndilo linaloua hamu ya kula, mpango wa kuwatibu watoto waliokonda kupita wote usingeliweka mbele ya dawa.

Kinachotokea ziwa likipungua na wanga mtupu ukichukua nafasi yake kimeandikwa tangu zamani. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi katika koloni la Gold Coast, leo Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliovimba miguu na nyuso, ngozi zikibambuka, nywele zikipauka. Ziwa walilopata halikutosha, na chakula chao kingine kilikuwa mahindi matupu. Ugonjwa huo, kwashakoo, uliwashughulisha sana madaktari wa Kivu tangu enzi za Wabelgiji, na bado upo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Kivu Kaskazini ilizidi nusu. Kwa mkoa wenye hesabu hiyo, kumwondolea mtoto protini kwa matumaini kwamba njaa itamfunza adabu ya meza ni kucheza na moto.

Halafu kuna vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya kundi la waasi la ADF yamewafukuza watu wa eneo la Beni kutoka Eringeti, Mbau, na vijiji vinavyoizunguka Oicha, wakaacha nyuma mashamba ya muhogo, mpunga, ndizi na kakao. Mwezi Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na msafara wa wakimbizi ukapanda kuelekea Lubero na Butembo. Familia ya watu sita hupokewa katika nyumba iliyokuwa na watu saba. Sufuria ni ileile. Mtoto aliyezoea ndizi za kwao huwekewa unga wa msaada asioujua ladha yake, naye huukataa, kama mtoto yeyote wa umri wake. Mama yake ana kitu kimoja ambacho hakikubaki shambani, hakihitaji kuni wala maji safi, wala barabara iwe wazi. Mtu anayemwambia akiache kitu hicho ili mtoto "ajifunze kula" awe tayari kusema chakula chenyewe kitatoka wapi kesho.

Butembo na Beni zinajua pia kwamba ipo hali ambayo ziwa hukatwa kweli. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulioua watu 2,287, virusi vilionekana kuweza kupita katika maziwa ya mama. Mama aliyeambukizwa alitenganishwa na mtoto wake. Watoto hao walilelewa katika vituo vya malezi vilivyoanzishwa kwa msaada wa UNICEF karibu na vituo vya matibabu, wakibebwa na wanawake waliopona Ebola ambao tayari walikuwa na kinga, na wachanga walilishwa maziwa maalumu yaliyoletwa na kusimamiwa na wataalamu. Hapo sababu ya kukatisha ilikuwa virusi vilivyopimwa maabara, na mbadala wa ziwa ulikuwa tayari mkononi siku hiyohiyo. Hakuna lolote kati ya hayo mawili kwa mtoto anayekataa maharagi. Hata VVU, vilivyowatisha wanawake wengi wakaacha kunyonyesha, havitoi tena amri hiyo: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayemeza dawa zake barabara anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, kama wengine.

Ushauri wa kuachisha una mfadhili wake wa kimyakimya pia, naye yuko dukani. Mtoto akishakatwa ziwa na bado hali, mama hushauriwa anunue mkebe wa maziwa ya unga wenye picha ya mtoto mnene. Fedha ya wiki huishia kwenye mkebe, na mkebe ukikaribia kuisha kijiko kimoja huongezewa maji ya vijiko viwili. Maji yenyewe ni ya wapi, kila mtu anajua. Mwaka 1981 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia bidhaa za namna hiyo kutangazwa kama mbadala wa ziwa. Mwaka 2023 shirika hilo lilikwenda mbali zaidi, likasema kwamba maziwa yanayouzwa kuwa ya "kukuzia" watoto wa mwaka mmoja hadi miwili hayapendekezwi. Na mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilifichua kwamba maziwa ya unga na nafaka za watoto za Nestlé zilizouzwa katika baadhi ya nchi za Afrika zilikuwa na sukari ya kuongezwa, wakati zile za soko la Uswisi hazikuwa nayo. Mtoto aliyezoeshwa utamu huo ndiye anayezidi kuugomea mchicha.

Kutetea ziwa si kusema linatosha. Halitoshi. Baada ya miezi sita maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeishi kwa kunyonya peke yake atapungukiwa damu. Akina mama wanaosema "atakula akitaka" na kuacha mambo yajiendee nao wanakosea. Lakini dawa ya kosa hilo iko jikoni na kwenye saa. Chakula kitangulie na ziwa lifuate, mchana, kwa mtoto mzima wa afya aliyepita mwaka. Usiku na wakati wa ugonjwa ziwa libaki wazi. Uji wa masoso, ule wa mahindi, mtama na soya, upikwe mzito mpaka kijiko kikiinamishwa usianguke haraka, kisha utiwe kijiko cha mafuta ya mawese, ambayo hayapatikani kwa shida Beni na ambayo hubeba vitamini A na nguvu nyingi katika tone dogo. Ndakala wakavu wasagwe wawe unga, unga huo unyunyizwe ndani ya uji au maharagi yaliyopondwa. Mtoto awe na sahani yake, ili kiasi alichokula kionekane, badala ya kushindana na kaka zake watano kwenye sinia moja. Ale mara tatu au nne kwa siku, kidogo, pamoja na kipande cha parachichi au ndizi katikati. Akigeuza uso, sahani iondolewe bila ugomvi na irudi baadaye. Kumbana pua na kumwagia uji kooni, jambo linalofanyika waziwazi katika nyua nyingi, humfundisha kuogopa kijiko, na mwingine hupaliwa.

Lipo pingamizi moja la kuheshimiwa kuliko yote, nalo ni uchovu wa mama. Mwanamke wa Butembo anayeamka alfajiri kwenda shambani au kupanga bidhaa sokoni, aliyenyonywa usiku kucha na mtoto wa kilo kumi, ana haki ya kusema imetosha. Ziwa ni lake. Akiamua kuachisha, aachishe polepole, kwa wiki kadhaa, akiondoa mnyonyo mmoja baada ya mwingine, mtoto akiwa mzima na sahani ikiwa na kitu cha asili ya mnyama. Pilipili haihitajiki. Akipata mimba nyingine, aelezwe ukweli: maziwa hayageuki sumu kwa sababu ya mimba, hupungua tu, na mama anayekula vizuri na asiye na historia ya mimba kuharibika anaweza kuendelea kwa muda. Lakini uamuzi huo ni mmoja, na ule wa kuachisha kama tiba ya kukataa chakula ni mwingine. Wa kwanza unamhusu mama na nguvu zake. Wa pili ni agizo la kitabibu lisilo na msingi, analobebeshwa yeye, na matokeo yakiwa mabaya analaumiwa yeye.

Wale wanaoona kunyonyesha kupita mwaka kuwa ni ushamba au mapenzi ya kupita kiasi hawana hata mila ya kuegemea. Katika jimbo la Kikatoliki la Butembo-Beni, Biblia ya waumini ina Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambamo mama wa ndugu saba anamkumbusha mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Qurani nayo inataja miaka miwili kamili. Shirika la Afya Duniani husema miaka miwili na zaidi. Maandiko na maabara havikubaliani kila siku, hapa vimekutana.

Kinachotakiwa kibadilike ni kidogo, na kinaweza kubadilika kituo kimoja baada ya kingine, kwa muuguzi na kwa reko, mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mama akisema mtoto hali, neno "ziwa" lisiwe la kwanza kutajwa. Aulizwe: ana homa, anahara, amepewa dawa ya minyoo lini? Uji wake mzito au mwepesi? Anakula mara ngapi, na sahani ya nani? Amekunywa nini chenye sukari tangu asubuhi? Apimwe malaria, apimwe mkono, na akikataa hata mfuko wa karanga apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Na wakati hayo yote yanafanyika, aendelee kunyonya.